Si mafuta yote ni adui wa moyo

Ukiingia dukani kununua mafuta ya kupikia, aghalabu utayaona maneno "Haina Kolesteroli" yameandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa au mkebe. Wengi huyasoma, wakaridhika, na wakifika jikoni humimina mafuta kwenye sufuria bila kupima. Upande wa pili wako wale ambao, wakishaambiwa na jirani au na daktari kwamba kolesteroli yao imepanda, husuta mafuta ya kila aina. Hula ugali na mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu, na hata mtoto anayeanza kula hupewa uji mtupu, eti asije akapata ugonjwa wa moyo ukubwani.

Makundi haya mawili yana kosa moja. Yote huyachukulia mafuta kuwa kitu kimoja, ama kibaya chote au kizuri chote. Ukweli ni kwamba mafuta ni jamaa kubwa yenye aina nyingi, na kila aina ina umbo lake na kazi yake. Bila baadhi yake hakuna kiumbe ambacho kingeishi hata siku moja. Wiki hii tutaieleza jamaa hiyo, ili msomaji ajue ni mafuta gani ya kupunguza, yapi ya kubaki nayo, na ni nani asiyefaa kunyimwa.

Umbo la mafuta

Wanasayansi huiita jamaa hii lipidi. Ndani yake mna mafuta ya kupikia, samli, shahamu ya nyama, nta ya nyuki, kolesteroli, na mafuta maalumu yanayozunguka kila seli ya mwili. Jambo moja linaloziunganisha ni kwamba haziyeyuki katika maji. Mimina mafuta kwenye bakuli la maji nawe utaona yanavyojitenga na kuelea.

Aliyetufumbulia umbo la mafuta ni mwanakemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 alichunguza sabuni na shahamu za wanyama. Aligundua kwamba mafuta huundwa kwa sehemu mbili, yaani gliseroli na asidi za mafuta. Mtu huyo huyo ndiye aliyeipa kolesteroli jina lake, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyongo na kitu kigumu, kwa kuwa ilikuwa imepatikana katika vijiwe vya nyongo.

Ili uelewe umbo lenyewe, fikiria uma wenye meno matatu. Mpini ni gliseroli, na kila jino ni asidi moja ya mafuta. Huo uma mzima huitwa trigliseridi, na ndiyo mafuta tunayokula na yanayohifadhiwa chini ya ngozi. Kila jino ni mnyororo wa atomu za kaboni, mara nyingi 16 au 18, zikiwa zimebeba atomu za haidrojeni.

Kaboni zote zikibeba haidrojeni kadiri ziwezavyo, tunasema mafuta hayo yameshiba, na mnyororo wake huwa umenyooka. Pale ambapo haidrojeni zimepungua, mnyororo hupinda, na hayo huitwa mafuta yasiyoshiba. Anayekwenda msituni kutafuta kuni anaijua tofauti hii. Kuni zilizonyooka hufungika vizuri zikawa mzigo mmoja mgumu, bali kuni zilizopinda huacha mianya na mzigo haukazi. Vivyo hivyo mafuta yaliyoshiba hushikamana yakaganda, kama samli na shahamu ya ng'ombe, na yasiyoshiba hubaki majimaji, kama mafuta ya alizeti.

Mafuta ya nazi ni mfano mzuri. Sehemu yake kubwa, zaidi ya asilimia 80, ni mafuta yaliyoshiba, nayo huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kwa hivyo mafuta yaliyokuwa majimaji Mombasa, ukisafiri nayo hadi Nyahururu utayakuta asubuhi yamekuwa jiwe jeupe.

Akiba ya nguvu

Kazi ya kwanza ya mafuta ni kuweka akiba. Gramu moja ya mafuta hutoa nguvu ya kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au protini hutoa kalori 4. Kwa sababu hiyo viumbe wengi wanaokabiliwa na njaa huhifadhi chakula kwa njia ya mafuta. Nundu ya ngamia, ambayo watu wengi hudhani imejaa maji, ni ghala la mafuta. Kondoo wa kaskazini mwa nchi yetu wenye mikia minene nao wamejiwekea akiba ya kiangazi. Mimea haikuachwa nyuma. Mafuta tunayokamua kutoka kwa alizeti, ufuta na njugu ni chakula ambacho mmea mama umeiwekea mbegu yake hadi ichipuke na kupata majani.

Katika mwili wa binadamu, mafuta yaliyo chini ya ngozi huzuia joto lisipotee, na yale yanayozunguka figo huzikinga zisiumie mtu anapogongwa. Isitoshe, vitamini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta, na bila mafuta kidogo chakulani utumbo hushindwa kuzifyonza ipasavyo. Anayechemsha sukuma wiki na karoti kwa maji matupu hupoteza sehemu ya faida aliyoinunua sokoni.

Hata nta ina kazi yake. Tazama majani ya kabeji baada ya mvua, uone matone yanavyoviringika na kuanguka. Jani limepakwa nta nyembamba inayozuia maji ya ndani yasikauke upesi juani.

Kuta za seli, mapafu na ubongo

Kazi ya pili haionekani kwa macho, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Kila seli ya kiumbe chochote, iwe ya mwanadamu, mgomba au kijidudu cha kipindupindu, imezungukwa na utando mwembamba wa fosfolipidi. Hizi ni lipidi ambazo badala ya meno matatu zina mawili, na mahali pa jino la tatu pana kichwa kinachopenda maji. Zikiwekwa majini hujipanga zenyewe kwa safu mbili, vichwa vikielekea nje penye maji na mikia ikielekeana katikati. Mwaka wa 1925 wanasayansi wawili wa Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel, walitoa lipidi kutoka kwa seli nyekundu za damu wakaitandaza juu ya maji. Walikuta kwamba inatosha kuzifunika seli hizo mara mbili, na hivyo wakatambua kuwa utando una tabaka mbili.

Mapafu nayo huhitaji fosfolipidi. Vifuko vidogo vya hewa ndani yake vimepakwa umajimaji wenye lipidi hiyo, ambao huvizuia visinate tunapotoa pumzi. Mwaka wa 1959 Dkt Mary Ellen Avery na Dkt Jere Mead wa Marekani walionyesha kwamba watoto waliozaliwa kabla ya wakati na kufa kwa shida ya kupumua walikuwa wamepungukiwa na umajimaji huo. Leo mama anayeelekea kujifungua mapema mno anaweza kudungwa sindano ya steroidi ili mapafu ya mtoto yakomae haraka. Dawa hiyo yenyewe ina umbo la jamaa ya kolesteroli. Kwa hivyo mama mjamzito anayepata uchungu kabla ya wakati asingoje nyumbani, kwani sindano hiyo huhitaji muda ili ifanye kazi.

Ubongo nao, ukiondolewa maji, zaidi ya nusu ya uzito unaobaki ni lipidi. Neva nyingi zimevikwa ala ya lipidi kama waya wa stima unavyovikwa plastiki, ili ujumbe usafiri kwa kasi bila kupotea njiani.

Baadhi ya asidi za mafuta mwili hauwezi kujitengenezea, bali lazima zitoke katika chakula. Jambo hili lilithibitishwa mwaka wa 1929 na George na Mildred Burr wa Marekani. Waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta hata chembe. Panya hao waliacha kukua na ngozi zao zikawa na magamba, hadi walipopewa mafuta yenye asidi iliyokosekana. Binadamu huzipata asidi hizi katika mafuta ya alizeti na soya, njugu, mbegu na samaki wenye mafuta.

Kolesteroli ina kazi gani?

Sasa tumfikie mshtakiwa mkuu. Kolesteroli ni lipidi isiyo na umbo la uma, bali pete nne za kaboni zilizoshikana. Huimarisha utando wa seli, na kutokana nayo mwili hutengeneza homoni za kiume na za kike, nyongo inayosaga mafuta tumboni, na vitamini D pale jua linapoipiga ngozi. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo mwilini hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa kwenye ini. Wanyama wote wanayo, bali katika mimea ni kidogo mno kiasi cha kutohesabika.

Hapa ndipo yale maneno ya kwenye chupa yanapohitaji kuangaliwa upya. Kusema kwamba mafuta ya mimea hayana kolesteroli ni kweli, lakini ni kama kutangaza kuwa mahindi hayana mifupa. Mafuta mengi ya kupikia yanayoganda hutokana na mawese, na karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yaliyoshiba. Mafuta yaliyoshiba hayana haja ya kubeba kolesteroli ili yapandishe kolesteroli yako.

Hufanyaje hivyo? Kwa kuwa lipidi hazichanganyiki na maji ya damu, ini huzifunga katika vifurushi vyenye protini na kuzituma mwilini. Vifurushi ambavyo katika karatasi ya maabara huandikwa LDL hupeleka kolesteroli kwenye seli, na vile vinavyoandikwa HDL huzoa iliyozidi na kuirudisha kwenye ini. Wanasayansi Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1985 kwa kugundua kwamba seli zina milango maalumu ya kuipokea LDL. Mtu akila mafuta mengi yaliyoshiba, ini hupunguza milango hiyo. LDL hubaki ikizunguka katika damu, ikapenya ngozi ya ndani ya ateri na kujikusanya humo mwaka baada ya mwaka. Siku moja uvimbe huo hupasuka, damu ikaganda juu yake na njia ikazibika. Ikiwa ni ateri ya moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikiwa ni ya ubongo, ni kiharusi.

Watu wengi huuliza kuhusu mayai. Kiini cha yai kina kolesteroli nyingi, lakini kwa watu wengi mwili hupunguza kiasi unachotengeneza wenyewe. Yai moja la kuchemsha halina madhara kama sahani ya chipsi na soseji. Mwenye kisukari au kolesteroli iliyopanda sana na ashauriane na daktari wake.

Mafuta yaliyonyooshwa kiwandani

Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vilijifunza kugandisha mafuta ya majimaji kwa kuyapitishia haidrojeni. Kazi hiyo ikiishia katikati, baadhi ya minyororo iliyopinda hunyooka bila kushiba. Hayo huitwa mafuta ya transi, nayo ndiyo mabaya kuliko yote, kwani hupandisha LDL na wakati huo huo hushusha HDL. Yametumika kwa miaka mingi katika majarini ngumu, keki, biskuti na vitafunio vya dukani. Denmark iliyawekea kikomo mwaka wa 2003, na mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe katika chakula. Ukisoma kwenye paketi kwamba mna mafuta yaliyotiwa haidrojeni kwa sehemu, irudishe rafuni.

Mafuta yanayokaangiwa tena na tena nayo huharibika. Joto na hewa huyavunjavunja, yakawa meusi, mazito na yenye harufu kali, na hutoa kemikali zinazodhuru. Mama anayekaanga mandazi au viazi kando ya barabara ana haki ya kupata riziki, lakini mnunuzi naye ana haki ya kuchungulia karai kabla ya kutoa pesa.

Je, Wamaasai?

Mara kwa mara mtu husema, "Daktari, mbona Wamaasai hula nyama na maziwa maisha yao yote na moyo hauwaumi?" Swali hili ni la haki. Katika miaka ya 1960 Dkt George Mann wa Marekani na wenzake waliwachunguza Wamaasai upande wa Tanganyika wakakuta kolesteroli yao iko chini licha ya chakula hicho. Mwaka wa 1972 walichapisha matokeo ya kuchunguza mioyo ya wanaume waliokuwa wamefariki. Ateri zao zilikuwa na mafuta kama za watu wengine, ila zilikuwa pana, na mara chache zilizibika. Dkt Mann aliona kwamba kutembea na kufanya kazi ngumu ya mwili ndiko kulikowakinga. Anayekula nyama choma kila Jumamosi na kushinda kitini Jumatatu hadi Ijumaa asijilinganishe na mchungaji anayefuata ng'ombe kutwa.

Jambo jingine ambalo huwashangaza wengi ni kwamba mafuta ya damuni hayatoki katika vyakula vya mafuta pekee. Sukari na pombe zikizidi, ini huzigeuza kuwa trigliseridi. Anayeacha nyama lakini akaendelea na soda tatu kwa siku na bia za jioni atashangaa kuona matokeo ya maabara hayajashuka. Trigliseridi zikipanda kupita kiasi zinaweza hata kuchoma kongosho, na huo ni ugonjwa wa hatari.

Chakula cha nyumbani

Pika kwa mafuta ya majimaji, kama ya alizeti, soya au mahindi. Samli, siagi, mafuta yanayoganda na tui zito la nazi yawe ya mara moja moja. Parachichi, njugu, ufuta, omena na samaki wengine wenye mafuta ni vyakula vizuri vinavyopatikana katika masoko yetu. Ondoa ngozi ya kuku na shahamu ya nyama kabla ya kupika.

Hata hivyo, mafuta mazuri nayo yana kalori zile zile. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya aina yoyote kina kalori 120 hivi. Usimimine kutoka kwenye chupa, pima kwa kijiko. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba kwa mtu mzima mafuta yasizidi asilimia 30 ya nguvu yote ya chakula, na yaliyoshiba yasizidi asilimia 10.

Watoto wadogo wasihesabiwe kwa kipimo hicho. Karibu nusu ya nguvu iliyo katika maziwa ya mama hutoka kwa mafuta, kwa kuwa ubongo wa mtoto unakua kwa kasi na tumbo lake ni dogo. Mtoto wa chini ya miaka miwili asinyimwe mafuta. Uji mwepesi wa maji humjaza bila kumlisha. Baada ya miezi sita, ongeza katika uji au chakula chake kijiko kidogo cha mafuta, au njugu zilizosagwa laini. Usimpe njugu nzima, maana zinaweza kumsakama kooni.

Pima kabla hujaugua

Kolesteroli iliyopanda haiumi wala haionyeshi dalili, na hata mtu mwembamba anaweza kuwa nayo. Aliyefikisha miaka 40, mwenye kisukari, shinikizo la damu, au anayevuta sigara, na apimwe damu. Ikiwa baba, mama au ndugu alipata mshtuko wa moyo akiwa bado kijana au wa makamo, usingojee umri huo. Kuna familia ambazo huzaliwa na upungufu wa ile milango ya LDL, na lishe pekee haiwatoshi.

Daktari akiona inafaa atakupa dawa za jamii ya statini, ambazo asili yake ni ugunduzi wa Mjapani Akira Endo, aliyeipata ya kwanza katika ukungu miaka ya 1970. Dawa hizi hupunguza kolesteroli inayotengenezwa na ini. Wagonjwa wengi wakiona matokeo yameshuka huziacha, wakidhani wamepona. Yameshuka kwa sababu ya dawa, na ukiiacha yatapanda tena. Ikiwa inakuumiza misuli au huna uwezo wa kuinunua, mweleze daktari wako, kwani zipo za aina na bei mbalimbali.

Mara nyingine ukiwa dukani, geuza chupa ya mafuta usome maandishi madogo ya nyuma. Tafuta kiasi cha mafuta yaliyoshiba na ya transi, kisha ulinganishe na chupa iliyo kando yake. Hapo ndipo penye habari inayouhusu moyo wako.